Nani Kasema?

Duka la marehemu baba liko Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara 21, na mtaniwia radhi nisipoitaja ni ya ngapi. Tunauza vipuri vya baiskeli: tairi, tyubu, cheni, pedeli, spoki, kengele, gundi na viraka. Nje kuna benchi la fundi na karai la maji ya kutafutia pancha. Anayeijua Tanga anajua baiskeli kwetu ni nini. Mwalimu huenda nayo shule, muuza samaki hutoka nayo soko la samaki la Deep Sea alfajiri tenga likiwa nyuma, na mama mtu mzima hupanda na baibui lake wala hakuna anayegeuza shingo. Mtu akikuibia baiskeli hapa kakuibia miguu.

Baba alikuwa na kaunta buku. Kila baiskeli aliyoiuza au kuitengeneza aliiandika humo: jina la mwenyewe, rangi, na ile namba inayogongwa chini ya fremu, pale ekseli ya pedeli inapopita. Watu walimwona anajisumbua. Yeye alisema rangi hupakwa upya kwa nusu saa, lakini namba lazima uisage kwa tupa, na mwizi hana subira hiyo. Alipofariki nilirithi duka, madeni ya watu watatu wanne, na daftari lile. Mtaani wananiita Binti Fundi mpaka leo, na mimi nina wajukuu.

Ninayoyasimulia yalianza miaka kadhaa nyuma, msimu ambao baiskeli zilikuwa zikichumwa kama maembe. Watu wanaswali Ishaa, wakitoka, mbili hazipo. Siku moja kijana wa jirani (nimebadilisha mambo mawili matatu asitambulike) aliniletea fremu akitaka kuiuza kwa bei ya chuma chakavu. Ilikuwa imepakwa rangi nyeusi, mbichi, inanata vidoleni. Nikamwambia aiache, fundi ataitazama. Alipoondoka niliigeuza juu chini, nikachovya kitambaa kwenye mafuta ya taa, nikasugua. Chini ya nyeusi kukatokea kijani, na kwenye kijani zikatokea tarakimu moja moja. Nikafungua daftari. Ilikuwa baiskeli ya muadhini wetu, mzee ambaye tangu wiki iliyopita alikuwa akitembea kwa miguu kwenda kuadhini Alfajiri na goti lake bovu.

Nikavaa, nikaenda kituoni. Kituo sikitaji, maana sikuja hapa kumsuta mtu. Kwenye benchi walikaa watu sita au saba: mmoja kapoteza kitambulisho anataka namba ya RB, ile ya kuonyesha kuwa kaandikisha taarifa, dereva bodaboda kagongwa, mama mmoja analia taratibu na hakuna anayemuuliza. Nilipofika kaunta nikamwambia afande kwa sauti ndogo kwamba nina taarifa ya wizi, naomba tukae pembeni. Akanijibu, "Sema tu mama, hapa sote wamoja." Nikasema. Yeye akawa anaandika huku akirudia kwa sauti, kama mwalimu wa imla: jina langu, mtaa, duka, jina la kijana, nyumba ya bibi yake. Akauliza, "Yule mrefu mwenye jeraha kwenye nyusi?" Nikaitika kwa kichwa. Watu wa kwenye benchi walikuwa wamenyamaza wote. Hata yule mama aliacha kulia.

Jioni kijana akachukuliwa na difenda. Kesho yake mchana akawa nje. Keshokutwa, saa nne asubuhi, alikuja dukani. Hakuja kwa shari. Alikaa kwenye benchi la fundi, akaokota gololi moja, akawa anaizungusha kiganjani.

"Shangazi, shikamoo."

"Marahaba."

"Nasikia ulikuja kuniulizia kituoni."

Sikujibu. Aliiweka ile gololi juu ya kaunta yangu, polepole, ikabingirika mpaka ukingoni ikasimama. Akaondoka. Nikalifunga daftari la baba kwenye sanduku la viraka na kwa miaka miwili sikulifungua mbele ya mtu.

Mtaani kwetu mtu akikamatwa, swali la kwanza halijawahi kuwa "kafanya nini?" Swali ni "nani kasema?" Linaulizwa kwenye baraza za kahawa, kisimani, kwenye foleni ya mihogo. Na mara nyingi jibu linapatikana kabla ya magharibi, kwa sababu limetoka mahali palepale ambapo lilipaswa kufungiwa. Nimesoma na kusikiliza mengi kuhusu kwa nini wananchi hawaliamini Jeshi la Polisi: rushwa, vipigo, kesi za kubambikiwa. Yote yapo. Lakini mimi, mfanyabiashara mdogo wa Ngamiani, aliyenifunga mdomo hakuniomba shilingi wala hakunigusa. Alinitaja tu.

Na katika miaka ile miwili nilijua mambo. Nilijua nani aliyevunja duka la simu. Nilijua mlinzi wa kimasai aliyepigwa nondo usiku alipigwa na akina nani, kwa sababu mmoja wao alikuja kununua tyubu siku ya pili akiwa na kidonda mkononi. Mlinzi yule alirudi kwao akiwa haoni vizuri jicho moja. Ningeweza kusema. Sikusema. Hili nitalibeba, na silisingizii kaunta ya polisi peke yake. Mdomo ni wangu.

Tanga hii si mji wa kuchezea siri. Februari 2015 palipiganwa kwenye mapango ya Amboni, mahali ambapo watoto wetu walikuwa wakipelekwa na shule kutalii. Askari polisi walijeruhiwa na mwanajeshi wa JWTZ akapoteza maisha. Mwaka uliofuata, mwishoni mwa Mei 2016, watu 8 walichinjwa usiku mmoja Kibatini, nje kidogo ya mji. Nawakumbuka wanawake wakikusanyika uani kwetu asubuhi ile, hakuna aliyeweza kumeza chai. Kisha ikaja Kibiti, mkoa wa Pwani. Wenyeviti na watendaji wa vijiji waliuawa mmoja baada ya mwingine, na Aprili 2017 askari 8 wakauawa kwa kuviziwa barabarani. Fikiria mwenyekiti wa kitongoji ni nani. Ni mtu ambaye jirani humfuata usiku, akamwambia kuna wageni kwenye ile nyumba siwaelewi. Waliokuwa wakiua walijua hivyo. Walikuwa wanauliza swali lile lile la mtaani kwetu, kwa bunduki.

Kila baada ya mambo kama hayo tunaambiwa: wananchi toeni taarifa. Nakubali kabisa. Hakuna askari anayeweza kujua mgeni anayelala nyumba ya tatu ameleta begi gani. Anayejua ni mama wa nyumba ya pili. Lakini taarifa ile ni roho ya mtu. Bunge letu lenyewe lililiona hilo likatunga Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi mwaka 2015, ambayo inataka jina la mtoa taarifa lisitolewe. Sheria ipo. Ila haijafika kwenye lile benchi la kaunta, na hapo ndipo sisi tunapokutana na serikali.

Nirudi kwenye dhamana, kwa sababu nilikosea kuielewa na najua wengi wanakosea kama mimi. Kijana alipotoka siku ya pili, mtaa mzima ulisema kahonga. Kwa kweli bei ilikuwa inajulikana; bibi yake alikopa kwenye kikoba chetu, na aliyemkopesha ni mweka hazina wetu. Nilikasirika nikasema polisi wamemwachia mwizi. Baadaye sana, tena kwa kuelezwa na polisi mwenyewe nitakayemtaja mbele, nikajua kwamba kutoka kwake hakukuwa kosa hata kidogo. Katiba, ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike. Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai inasema mtu aliyekamatwa bila hati, kama haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alitazame shauri lake na amwachie kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Wizi wa fremu ya baiskeli si mauaji. Kijana alikuwa na haki ya kwenda kulala kwa bibi yake, bure, kwa kusaini karatasi.

Kilichoharibu ni kuiuza haki hiyo. Bibi kizee akakopa kununua kitu ambacho ni chake. Kijana akajifunza kuwa kituo ni duka. Mimi niliyetoa taarifa nikaona nimesalitiwa. Na muadhini alipouliza baiskeli yake iko wapi aliambiwa ni kidhibiti, asubiri, halafu akaombwa hela ya mafuta ili mpelelezi aende kutafuta nyingine. Watu wanne, imani yetu imevunjwa mara nne kwa shauri moja la fremu iliyopakwa rangi.

Hapo pa hela ya mafuta sitaki kuwa mkali kupita kiasi. Nimeishi jirani na familia za askari. Nimemkopesha tairi askari kijana ambaye lindo lake lilikuwa mbali na kwao, na alinilipa mwisho wa mwezi bila kukumbushwa. Najua gari la kituo likikosa mafuta, simu ya mtu anayelia "nakufa" haina wa kuipokea na kuifanyia kazi. Lakini pale mlalamikaji anapokodi bodaboda ya kumbeba askari akamkamate mtu, basi aliyekamatwa anajua nani kalipia safari. Swali la nani kasema linajibiwa na dereva wa bodaboda.

Jeshi letu la Polisi lina asili yake, na asili hiyo iko huku kwetu. Lilianzishwa na Waingereza mwaka 1919 na makao makuu yake ya kwanza yalikuwa Lushoto, juu kule kwenye baridi, kabla ya kuhamishiwa Dar es Salaam. Tanga ilikuwa na mashamba ya mkonge yaliyojaa manamba kutoka kila pembe ya nchi, na kodi ya kichwa ya kukusanywa. Polisi hakuletwa kumsikiliza manamba. Aliletwa kumrudisha shambani akitoroka. Waingereza haohao kwao walikuwa wamefanya vingine: Robert Peel alipounda polisi wa London mwaka 1829, aliwavisha nguo za buluu makusudi, kwa sababu wanajeshi walivaa nyekundu na watu wa London hawakutaka jeshi mitaani mwao. Buluu kwao, jeshi kwetu. Neno hilo bado tunalo, Jeshi la Polisi.

Wapo waliojaribu kugeuza. Said Mwema alipokuwa Inspekta Jenerali kuanzia 2006 alileta Polisi Jamii, na tukasikia "utii wa sheria bila shuruti" mpaka watoto wakaiimba. Vikundi vya ulinzi shirikishi vikazaliwa mitaani. Kwetu vijana walipewa filimbi na tochi, wakazunguka miezi mitano, wakachoka kwa sababu hakuna aliyewapa hata chai. Mwaka 2023 Rais Samia aliunda Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, mwenyekiti wake Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na miongoni mwa mapendekezo yake ni kwamba jeshi hili lisukwe upya liwe huduma ya polisi. Naliunga mkono. Ila nawatazama jirani zetu: Kenya iliandika Huduma ya Taifa ya Polisi kwenye katiba yake ya 2010, ikaunda na mamlaka huru ya kuwachunguza askari, na bado Juni 2024 vijana walipigwa risasi karibu na Bunge mjini Nairobi. Jina huanza safari. Kinachonivutia zaidi kwa Wakenya ni hiyo mamlaka huru, kwamba mtu akionewa na askari ana mlango mwingine wa kubisha. Kwetu malalamiko mengi dhidi ya polisi hurudi polisi. Januari 2022, kule Mtwara, kijana mfanyabiashara wa madini aliuawa mikononi mwa polisi, na maofisa wakapandishwa kizimbani. Jambo hilo lilifika mahakamani, nashukuru. Lakini ilibidi afe kwanza.

Kuna jingine linalonichoma na silioni likizungumzwa sana. Watuhumiwa wanapangwa mstari mbele ya kamera, televisheni na redio zilizokamatwa zikiwa miguuni pao, picha zinasambaa kwenye makundi ya WhatsApp kabla hakimu hajasikia hata jina. Mwanafunzi wa rafiki yangu aliwahi kuwa kwenye mstari huo. Mahakama ilimwachia. Picha haikumwachia; alipoomba kazi ya dukani kwangu, mteja alimtambua kwa picha, si kwa hukumu.

Sasa yule polisi.

Miaka hii ya karibuni Jeshi la Polisi limekuwa likipeleka wakaguzi kwenye kata, mmoja mmoja, wakae na wananchi. Wa kwetu alikuja kimya. Mtu wa makamo, mfupi, mwenye kikohozi. Mara ya kwanza alikuja na baiskeli yake mwenyewe, pancha ya nyuma. Akakaa benchi, akangoja, akalipa, akaenda. Mara ya pili akaja kuongeza upepo. Miezi ikapita. Hakuniuliza chochote kuhusu wezi, na mimi sikumwambia. Kitu pekee nilichokiona ni kwamba kwenye mkutano wa mtaa, mwenyekiti alimbana: "Umejuaje kuhusu gongo ya nyumba ile? Tuambie nani kakwambia, tusishukiane hapa." Akajibu, "Nimejua, mwenyekiti." Wakamzomea. Mmoja akasema huyu ni bure kama wenzake. Akaketi chini, akakohoa, akanywa maji yake. Mimi nilikuwa nyuma karibu na mlango, nikamtazama vizuri kwa mara ya kwanza.

Simu yangu ya kwanza kwake haikuwa ya kumkamatisha mwizi.

Ilikuwa jioni, Magharibi inakaribia. Nikasikia ile sauti ambayo kila Mtanzania anaijua hata akiwa usingizini: "Mwizi! Mwizi huyoo!" Miguu ya watu ikipita mbio mbele ya duka, vumbi, mawe. Walimkamata kona ya pili. Sikutoka. Nilianza kuingiza vitu ndani nifunge. Mara akaja kijana mmoja ninayemjua tangu anazaliwa, mama yake tulisoma wote, anahema, macho yanameta, akasema kama anaomba msumari:

"Shangazi, una tairi bovu?"

Nyuma ya duka nina rundo la tairi mbovu. Kila mtu anajua. Watoto huzichukua kuchezea. Nikaelewa anataka ya nini, na mikono ikaniisha nguvu. Nikamwuliza, "Ni nani mmemkamata?" Akamtaja. Ni yule. Yule wa gololi.

Nasema ukweli wangu wote hapa: kwa muda ambao mtu anavuta pumzi moja, nilisikia nafuu. Kisha nikamwambia hakuna tairi, nikafunga mlango wa mbele kwa komeo, nikaingia stoo, nikakaa juu ya rundo lile la tairi, nikapiga namba ya mkaguzi. Nilisema maneno manne. Kona ya msikiti. Wanamchoma.

Sijui alipitia wapi. Walionisimulia wanasema alifika kwa bodaboda na mgambo wawili, hana bunduki, akaingia katikati ya watu na kumlalia kijana kwa mwili wake, mawe mawili yakampata yeye mgongoni. Akawa anawaita watu kwa majina. Si "nyinyi raia," bali fulani wa kwa fulani, wewe mtoto wa fundi cherehani, wewe niliyekuona asubuhi shuleni kwa mwanao. Mtu akiitwa jina lake jiwe humwia zito. Walimpeleka kijana Bombo, na fomu ya PF3, ile ya polisi ya matibabu ya majeruhi, ilijazwa na mkaguzi yeye mwenyewe palepale hospitali, bila mtu kuombwa hata hela ya karatasi.

Halafu ikaanza. Usiku ule ule, kwenye baraza, kwenye simu: nani kawaita polisi? Walikuwa na hasira na walikuwa na haki ya sehemu ya hasira hiyo. Walisema akienda ndani kesho atatoka, kama siku zote, afadhali tungemmaliza. Watu hawachomi wenzao kwa sababu ni wanyama. Ni majirani zangu, tunazikana. Wanachoma kwa sababu wamekwenda kaunta mara tatu na mara zote tatu wamerudi na aibu. Lakini harufu ya mtu anayeungua haiondoki kwenye mtaa, na watoto wetu wangepita kona ile kila siku kwenda madrasa.

Mkaguzi aliulizwa. Aliulizwa na mwenyekiti, na vijana, na mimi nilikuwepo alipoulizwa na shehe mwenyewe, mtu ambaye si rahisi kumnyima jibu. Akasema, "Shehe, nilikuwa napita." Mtu mwenye jiwe mgongoni. Aliushikilia uongo ule mdogo kwa miezi, na ulimgharimu, kwa sababu wapo walioanza kusema polisi huyu anakula na wezi, ndiyo maana alifika haraka.

Wiki tatu baadaye bibi wa kijana alikuja dukani kununua tyubu ya baiskeli ya jirani yake. Mikono inatetemeka. Akahesabu sarafu moja moja juu ya kaunta, palepale gololi iliposimama. Akasema, si kwangu hasa, kama mtu anayeongea na nafsi yake: "Aliyepiga simu ile, Mungu amlipe. Simjui, lakini namwombea kila sala." Nikaifunga tyubu yake kwenye gazeti. Nikampa chenji.

Kesi ya kijana sitaielezea. Ilikwenda mahakamani, akahukumiwa, akatumikia, sasa yuko kwa wajomba zake mbali na hapa na anafanya kazi. Bibi ametangulia mbele ya haki mwaka jana. Ndiyo maana nasema leo. Siri ilikuwa yangu, nimeitoa mwenyewe, hakuna aliyenitolea.

Baada ya siku ile nililitoa daftari la baba kwenye sanduku. Mkaguzi alipokuja kuongeza upepo nikalifungua mbele yake. Hakulichukua. Alinikalisha, akaniuliza niko tayari kuandikisha maelezo na kusimama mahakamani au nataka tu ajue. Akaniambia hizo ni njia mbili tofauti na kila moja ina gharama yake, na nisiamue leo. Hakuna askari aliyewahi kunieleza hivyo. Nikachagua kwa kila jambo peke yake. Mara moja nilisimama kizimbani, kwa mlinzi wa kimasai. Mara nyingine nilisema tu. Baiskeli 11 zilirudi kwa wenyewe kwa namba za daftari lile, ya muadhini ikiwamo, na hakuna hata moja ambayo mtaa ulijua imerudije.

Mwezi uliopita akahamishwa. Polisi huhamishwa, tunalijua hilo, lakini niliumia. Alikuja kuniaga jioni, amevaa kiraia, koti mkononi. Akatoa simu yake, akanionyesha, jina langu humo halikuwa jina langu; alikuwa ameniandika "Pancha." Akafuta mbele yangu.

"Mama, anayekuja ni mtu mzuri, nimefanya naye kazi. Lakini wewe si mali ya ofisi nikukabidhi na meza. Ukimwona anafaa, utamwambia mwenyewe."

Akaacha kikaratasi chenye namba. Nimekiweka kwenye daftari, kwenye ukurasa wa ile fremu ya kijani.

Jumanne mkaguzi mpya alipita. Kijana kiasi, sare imenyooshwa, pikipiki akaiegesha mbele kabisa. Moyo ukanipiga. Akasalimia, shikamoo mama, nikaitikia. Akatazama rafu kwa muda mrefu, akauliza bei ya kengele, ya baiskeli ya mwanawe. Nikamuuzia. Alipokuwa anatoka, jirani yangu wa duka la pili, mwanamke asiyepitwa na jambo, akapaza sauti kutoka barazani kwake: "Afande! Umefuata nini kwa Binti Fundi?"

"Kengele," akasema, akaiinua mtaa mzima uione, akaipiga mara mbili.